Kwa uliyepangiwa zahanati ya mashambani na muuguzi ni wewe peke yako

Mdogo wangu, nimesoma swali lako lote. Umemaliza cheti cha uuguzi, umezaliwa na kulelewa hapa Nairobi, na sasa umepangiwa zahanati huko Kitui ambako muuguzi ni wewe tu na tayari wanakuita inchaji, yaani msimamizi wa kituo. Unauliza utafanyaje mama akiletwa na uchungu saa nane usiku na daktari hayuko karibu. Waliotangulia kukujibu wamekutia moyo, na mmoja amekushauri utafute uhamisho hata kabla hujaripoti. Mimi niliongoza zahanati ya namna hiyo kwa miaka kadhaa katika kaunti hiyohiyo, nikiwa na cheti kama chako, kabla sijarudi Nairobi. Basi nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Huo uchungu wa saa nane usiku sio utakaokushinda. Kuzalisha umefundishwa. Kama mazoezi ulifanyia Pumwani, hospitali kubwa ya uzazi ya Nairobi, kama wengi wetu, umepokea watoto wengi kuliko wanaozaliwa katika zahanati ndogo kwa muda mrefu. Usichofundishwa ni kuwa mtunza stoo, mhasibu, fundi wa friji, karani wa takwimu na katibu wa kamati kwa wakati mmoja. Na hayo, wala si ujasiri, ndiyo yatakayoamua kama usiku huo utakuwa na oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu, inayofanya kazi. Pumwani ulikuwa ukinyoosha mkono unapewa. Huko dawa utakuwa umeiagiza mwenyewe miezi mitatu nyuma, au haipo.

Kwa hiyo siku ya kuripoti usikimbilie chumba cha kujifungulia. Ingia stoo na huyo unayepokea kazi kwake, mhesabu kila kopo na kila sanduku, mlinganishe na kadi za stoo, mwangalie tarehe za kuisha. Kinachopungua kiandikwe, mtie sahihi wote wawili. Ataona unamshuku. Mwache aone. Mkaguzi akija mwaka ujao hatamtafuta yeye.

Mzigo wa KEMSA, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa, huagizwa kila robo mwaka kupitia kaunti, na kiasi unachoomba kinatokana na wastani wa matumizi yako ya mwezi. Sasa tazama mtego ulipo. Siku zenye foleni ndefu ndizo siku ambazo hakuna anayeandika, maana mtu anaingia stoo anachukua boksi la amoksilini bila fomu ya S11, ile ya kutolea vitu stoo, ili awahi wagonjwa. Mwisho wa mwezi karatasi inaonyesha umetumia kidogo, unaagiza kidogo, na robo inayofuata unakosa dawa katikati. Nimeona zahanati zikilalamika kila mwaka kwamba zinapunjwa, kumbe zinajipunja zenyewe kwa kalamu. Ni kweli pia kwamba kaunti ikiwa na deni mzigo unachelewa, na hapo huna la kufanya ila kuwa na akiba. Jiunge mapema na kundi la WhatsApp la mainchaji wa kaunti ndogo yako. Huko ndiko utasikia fulani ana glavu za ziada, mwingine ana vipimo vya malaria vinavyokaribia kuisha tarehe, mkabadilishana kwa maandishi.

Friji naipa aya yake kwa sababu watu huidharau. Chanjo na oksitosini zote zinataka nyuzi 2 hadi 8. Joto linasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye chati, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Wengi wanaogopa joto tu. Huko nilikokuwa, baridi ilikuwa na hatari ileile, kwa maana chanjo ya Penta, ya nimonia na ya pepopunda zikiganda zinaharibika, na zikiyeyuka tena huwezi kujua kwa kutazama chupa. Usizisukume zikagusa ukuta wa friji unaoshika barafu. Ukitoka kwenda kuchanja vijijini, vipakiti vya barafu usivitie kwenye kibebeo vikiwa bado mawe. Viweke mezani, utikise, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo upakie. Mfundishe na soja wa usiku kusoma kipimajoto na kukupigia taa ya friji ikizimika. Wangu alikuwa hajui kusoma vizuri, tukachora mstari mwekundu kwenye 2 na mwingine kwenye 8, na hakuwahi kukosea. Oksitosini itengewe kikapu chake kilichoandikwa jina, isichanganyike na chanjo.

Sasa turudi kwenye huo usiku wako.

Kazi kubwa ya usiku hufanywa mchana, kwenye kliniki ya wajawazito. Kuna akina mama ambao hawapaswi kujifungulia kwako hata wakikubembeleza, nao ni aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye presha inayopanda, mwenye damu chache sana. Hao uwajue kwa majina na vijiji wakiwa na miezi saba. Mimi nilikuwa na daftari dogo mbali na rejista, lenye jina, tarehe ya matarajio, nambari ya simu ya mume au mama mkwe, na nani mwenye pikipiki karibu nao. Mvua za Novemba zikianza, mito ya mchanga ya Kitui ambayo mwaka mzima ni barabara inageuka kuwa maji kweli, na aliye ng'ambo hafiki kwako wala hospitali. Huyo ahamie kwa ndugu upande wa mjini wiki chache kabla. Mambo haya usimwambie mwanamke peke yake. Mwite na mama mkwe, kwa sababu mara nyingi uamuzi wa kuondoka nyumbani uko kwake.

Pikipiki nazo hazijileti. Dereva wa boda boda hatoki usiku kwa ahadi, na simlaumu, mafuta ni pesa. Tulichofanya ni kuishawishi kamati ya zahanati itenge kiasi kidogo cha mafuta ya dharura, tukakubaliana bei na vijana watatu wa steji mbele ya chifu, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ambulensi ya kaunti piga daima, lakini usikae kuingoja kana kwamba ndiyo njia yako pekee. Na unapotoa rufaa, piga simu kule unakompeleka kabla hajaondoka, useme presha, damu iliyotoka, dawa uliyompa na saa uliyompa. Barua ya rufaa isiyo na saa haina faida kwa anayempokea.

Kwa wale wanaojifungulia kwako, kitakachokutisha ni damu. Yuniti 10 za oksitosini kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kila mama, bila kuchagua. Kisha pima damu, usiikisie kwa macho. Macho hudanganya, hasa kwa tochi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, uliweka shuka la plastiki lenye alama za vipimo chini ya mama ili damu ionekane mapema, kisha akapewa matibabu yote kwa pamoja: kukandwa tumbo la uzazi, dawa ya kulibana, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, na kuchunguzwa damu inatoka wapi. Kuvuja damu kupindukia, upasuaji na vifo vitokanavyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Kama kaunti ndogo yako inayo mashuka hayo, omba. Kama hayapo, weka beseni na upime. Vitu vyote hivyo vikae kwenye sanduku moja lisilofungwa kwa kufuli, isipokuwa oksitosini ambayo iko kwenye friji, na ukague sanduku kila Jumatatu. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba nayo ikae humo pamoja na karatasi ya dozi uliyoandika kwa mkono wako ukiwa umetulia.

Ambu ya mtoto, ule mfuko wa kumpulizia pumzi, uijaribu kwenye kiganja kila zamu. Nimekutana na zilizopasuka mpira zikiwa zimepangwa vizuri mezani.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa: maji moto na uji. Wanawake wa pale walikuwa wakihudhuria kliniki vizuri, kisha wanajifungulia nyumbani. Nilidhani ni wakunga wa jadi wanaowazuia. Nikawauliza wakunga wenyewe, wakanicheka. Mama akijifungua nyumbani anaogeshwa kwa maji moto na kupewa uji papo hapo, huko zahanati analala na njaa kwenye godoro la plastiki. Kamati ikanunua sufuria na makaa, mmoja wa wakunga hao akawa ndiye anayesindikiza akina mama na kupika. Wanaojifungulia kwetu waliongezeka bila mkutano wala bango. Kitaifa pia mambo yamebadilika sana: mwaka 2014 wanaozalishwa na mtaalamu Kenya walikuwa asilimia 62, kufikia 2022 ni 89. Lakini hao waliobaki wamejaa kwenye vijiji kama unakokwenda.

Pesa. Wazee wa kule bado wanakumbuka enzi ya shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya, na wanajua ada hizo zilifutwa 2013 pamoja na kuanza kwa uzazi wa bure. Kwa hiyo ukianza kuomba mchango wa aina yoyote dirishani, hata wa nia njema, utaitwa mwizi kabla ya jioni. Siku hizi huduma za zahanati hulipiwa na serikali kupitia SHA, mamlaka ya bima ya afya, lakini sharti mgonjwa awe amesajiliwa. Msajili mama siku anayokuja kliniki mara ya kwanza, usingoje siku ya uchungu, maana uthibitisho ukitaka nambari iliyotumwa kwenye simu, simu hiyo iko na mume aliye Nairobi anafanya kibarua na haishikiki. Tangu sheria ya 2023 kituo kinaruhusiwa kubaki na mapato yake, jambo zuri, ila linamaanisha jina lako liko kwenye kila hundi. Usinunue hata ndoo bila kumbukumbu za kikao na risiti. Mwenyekiti wa kamati atakuja na fundi ambaye ni shemeji yake. Mpokee vizuri, mwombe bei tatu.

Ripoti za mwezi zinatakiwa kufika kaunti ndogo kufikia tarehe 5. Usizikusanye usiku wa tarehe 4. Jumlisha rejista kila Ijumaa, basi.

Jambo lililonikera kuliko yote ni kwamba inchaji wa pekee akienda kuchukua chanjo au kupeleka ripoti, zahanati inafungwa, na mama aliyetembea tangu alfajiri anakuta kufuli. Hili mfumo haujalitatua, na wewe hutalitatua. Unachoweza ni kuchagua siku moja isiyobadilika katika mwezi, si siku ya soko wala ya kliniki, itangazwe kwenye baraza, kanisani na msikitini, na shughuli zako zote za mjini uzifanye siku hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii watakusaidia kuisambaza. Tangu 2023 wana begi la vifaa na simu, na kila mmoja ana nyumba takriban mia moja anazozijua kuliko utakavyowahi kuzijua wewe. Posho yao ikichelewa wasikie kwako neno la heshima. Wakikususia, hutajua nani ameacha chanjo ya surua ya miezi tisa.

Umeuliza pia kama utachelewa kusoma diploma. Wauguzi wengi wa cheti walipanda wakiwa kazini, na shirika la afya la AMREF lilianzisha masomo ya kielektroniki kwa ajili hiyo tangu 2005. Ningekushauri usianze mwaka wa kwanza. Ujue kituo kwanza, ila pointi zako za mafunzo usizisahau, leseni ya Baraza la Wauguzi inazihitaji.

Basi la kwenda huko utalipata stendi ya Machakos Country Bus, hapahapa Nairobi. Beba tochi ya kufunga kichwani na betri za akiba, saa yenye mshale wa sekunde, aproni ya plastiki yako mwenyewe, na daftari gumu la kurasa nyingi. Kikamba usiogope, lakini "inakuuma wapi" na "sukuma" ujifunze ukiwa bado ndani ya basi, jirani wa kiti atakufundisha. Ukishahesabu stoo, rudi hapa uandike umekuta nini, nitakusaidia kupanga oda ya kwanza.