Je, paka wangu ni wa Siam?

SWALI: Ndugu Mhariri, paka wangu jike ana mwili wa rangi ya maziwa, lakini uso, masikio, miguu na mkia wake ni wa kahawia iliyokoza, na macho yake ni ya buluu. Kila anayemwona humwita paka wa Siam. Hata hivyo, ni mkimya, na mkia wake una manyoya marefu. Isitoshe, tangu alipofanyiwa upasuaji, manyoya ya mahali aliponyolewa tumboni yameota yakiwa meusi. Je, kweli ni wa Siam?

JIBU: Rangi hiyo ndiyo inayowapotosha wengi, kwani paka wa Siam hawako peke yao katika kuwa nayo. Inatokana na badiliko la jeni inayohusika na tirosinasi, kimeng'enya kinachohitajika ili manyoya yapate rangi. Kwa paka hawa, kimeng'enya hicho hulemaa penye joto na kufanya kazi penye ubaridi, na ndiyo sababu masikio, pua, miguu na mkia hukoza rangi ilhali kiwiliwili hubaki cheupe. Watoto wao huzaliwa weupe kwa kuwa tumboni mwa mama kuna joto la kutosha, na alama hujitokeza katika wiki za mwanzo. Usihangaike basi na lile doa: ngozi iliyonyolewa ilipoa, manyoya yakaota yakiwa meusi, na kwa kawaida rangi hurejea yanapopukutika na kuota upya.

Paka aina ya Birman na Ragdoll wana jeni hiyo hiyo, na hata paka asiye na nasaba inayojulikana huwa na rangi hiyo akiirithi jeni kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo litazame umbo kwanza. Paka wa Siam anayeshindanishwa leo ni mrefu, mwembamba na mwenye misuli. Kichwa chake ni cha pembetatu, masikio ni makubwa na mapana kwenye shina, macho yana umbo la lozi na yameinama kuelekea puani, na manyoya yake ni mafupi yaliyolala mwilini. Wale waliofikishwa Uingereza katika miaka ya 1880 hawakuwa wembamba kiasi hicho, na baadhi yao walikuwa na makengeza na mkia uliopinda, kasoro ambazo wafugaji wamezipunguza kwa kuchagua wazazi.

Mkia wa paka wako ndio unaonitia shaka zaidi. Yuko paka aitwaye Balinese, ambaye ni wa Siam kwa kila hali isipokuwa urefu wa manyoya, lakini naye pia husifika kwa kelele. Paka wa Siam huongea mchana kutwa kwa sauti nzito ya kukwaruza, humfuata mwenye nyumba chumba hadi chumba, na huchukia kuachwa peke yake. Ukimya si ushahidi wa kutosha, maana malezi nayo hubadili tabia; ila ukiuunganisha na mkia huo, nadhani paka wako ni chotara aliyerithi rangi tu. Akiwa mkubwa wa mwili na hulegea mzima mzima anapobebwa, huenda ana damu ya Ragdoll. Angekuwa Birman, nyayo zake zote nne zingekuwa nyeupe.

Kipimo cha jeni ya rangi hakitakusaidia, kwa kuwa kitaonyesha tu kile ambacho macho yako yameshaona. Kinachothibitisha ni hati ya nasaba ya wazazi wake, kama aliyekupa anayo.