Barafu inayeyuka, sukari inamumunyika, magnesiamu inaliwa na asidi

Mleta mada umeuliza mambo mawili: yabisi inayogeuka gesi bila kupitia hali ya kimiminika imepata badiliko la kifizikia au la kikemia, na chumvi inayopotelea ndani ya maji iwekwe upande gani. Nimefundisha kemia ya sekondari kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza limewahi kunikwamisha mbele ya darasa, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Kwanza neno lenyewe. Barafu ikipata joto tunasema imeyeyuka. Sukari ikikorogwa majini, imeyeyuka. Kipande cha magnesiamu kikitumbukizwa kwenye asidi ya haidrokloriki mpaka kikatoweka, mwanafunzi ataandika vilevile: kimeyeyuka. Kitenzi ni kimoja, matukio ni matatu. Darasani kwangu barafu inayeyuka, sukari inamumunyika, na magnesiamu inaliwa na asidi. Tangu nianze kushikilia maneno hayo, nusu ya mkanganyiko imeondoka.

Nusu iliyobaki inaondolewa na swali hili: je, chembe zilizopo baada ya tukio ndizo zilezile zilizokuwapo kabla? Sukari majini bado ni molekuli za sukari, ila zimetawanyika katikati ya molekuli za maji. Magnesiamu sivyo. Mapovu unayoyaona ni haidrojeni, na ukikausha kimiminika kilichobaki hupati magnesiamu. Unapata chumvi yake, magnesiamu kloraidi. Hapo kitu kipya kimezaliwa, na hilo ndilo badiliko la kikemia; chembe zikibaki zilezile, ni la kifizikia.

Sasa hiyo yabisi inayogeuka gesi. Kaboni dioksidi iliyogandishwa hugeuka gesi kwenye nyuzi −78.5 za Selsiasi, na gesi hiyo ni kaboni dioksidi ileile. Iodini inawababaisha wengi kwa sababu fuwele zake ni za kijivu cheusi na mvuke wake ni wa zambarau, nao wakiona rangi imebadilika wanakimbilia kusema ni kemia. Lakini kwenye fuwele kuna molekuli za I₂ (atomu mbili za iodini zilizoshikana), na kwenye mvuke ni I₂ hizohizo. Ni badiliko la kifizikia.

Kilichonikwamisha mimi ni amoniamu kloraidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliiandika ubaoni kwenye orodha ya mabadiliko ya kifizikia, pamoja na iodini na naftalini (ile ya vidonge vya kufukuza nondo), kama nilivyokuwa nimefundishwa. Tukaipasha moto kwenye neli ya majaribio: unga mweupe ukapungua chini, unga mweupe ukajitokeza juu kwenye ukuta wa neli ulio baridi. Kila mtu akaridhika, isipokuwa mwanafunzi mmoja aliyekaa karibu, ambaye alisema anasikia harufu ya amonia. Alikuwa sahihi, na siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Nililipata baada ya kurudia jaribio. Niliweka kizibo cha sufi ya kioo katikati ya neli, karatasi nyekundu ya litmasi (inayobadili rangi ikikutana na asidi au besi) iliyoloweshwa juu ya kizibo, na ya buluu iliyoloweshwa chini yake. Ile nyekundu ikageuka buluu, dalili ya besi kama amonia, na ya chini ikageuka nyekundu, dalili ya asidi. Maana yake ni kwamba moto umeivunja amoniamu kloraidi kuwa gesi mbili, amonia na haidrojeni kloraidi. Amonia ni nyepesi zaidi (uzito wa molekuli 17 kwa 36.5), kwa hiyo inapenya kizibo haraka na kumwacha mwenzake nyuma. Zikifika mahali pa baridi zinaungana tena, na unga unarudi. Kwa macho ni kama iodini kabisa, ila kwa chembe ni badiliko la kikemia linalokwenda na kurudi. Ukitaka kulijaribu, tumia kiasi kidogo sana na ufungue madirisha, maana gesi zote mbili zinachoma kifua.

Ndiyo maana nakusihi uachane na ile kanuni ya kukariri, kwamba kinachoweza kurudishwa ni cha kifizikia. Amoniamu kloraidi inarudi yenyewe. Hata dhahabu inarudi: mwaka 1940, Ujerumani ilipoivamia Denmark, mwanakemia George de Hevesy alikuwa Copenhagen kwenye taasisi ya Niels Bohr, na ili kuzificha medali za Nobel za wanafizikia Max von Laue na James Franck alizitia kwenye mchanganyiko wa asidi ya nitriki na haidrokloriki mpaka zikaliwa zote. Vita vilipokwisha dhahabu ilitolewa humo na medali zikatengenezwa upya. Lakini haikurudi kwa kukausha kimiminika. Ilihitaji kemia nyingine kuirudisha kuwa dhahabu.

Joto nalo lisikutie haraka ya kusema ni kemia. Amoniamu nitrati ikimumunyika chombo kinakuwa baridi, sodiamu haidroksaidi ikimumunyika kinapata joto, na katika zote mbili ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) ni zilezile zilizokuwamo kwenye yabisi.

Na hapo ndipo penye jibu la chumvi yako. Fuwele ya chumvi tayari ni ayoni za sodiamu na za kloraidi zilizopangana. Maji yanazitenganisha na kuzizunguka, hayatengenezi ayoni mpya. Wapo wanakemia wanaosema kuvunja ule mpangilio ni kuvunja vifungo, kwa hiyo kuna kemia ndani yake, na hoja yao ina uzito. Mimi naiweka kwenye kifizikia, na kwenye mtihani ningeandika hivyo pamoja na sababu. Ilinganishe na gesi ya haidrojeni kloraidi: ikiwa kavu ni molekuli tupu na haiigusi litmasi kavu, lakini ikiingia majini inavunjika kuwa ayoni ambazo hazikuwapo, na litmasi ya buluu inageuka nyekundu papo hapo. Vyote viwili vimepotelea majini, ila ni hiyo gesi peke yake iliyopata badiliko la kikemia.