Dada wa Kondele, usitie sahihi hiyo fomu

Usitie sahihi, dada. Umesema una miaka 19, una hadithi ya Kiswahili kuhusu mama mboga wa Kibuye, na kuna shindano la vipaji chipukizi linalotaka shilingi 1,000 kwa M-Pesa pamoja na fomu yenye sahihi yako kabla ya Ijumaa. Umeuliza kama hadithi ianze na mazungumzo, kama majaji watakubali Sheng, na kama utumie jina la utunzi. Hayo yangoje. Mimi nimeona picha ya fomu uliyobandika, kipengele cha tisa: mshiriki anakabidhi waandalizi haki zote za kazi yake, awe ameshinda au hakushinda.

Kipengele hicho nakijua. Nilikitia sahihi hapa Nakuru nikiwa rika lako. Hadithi yangu ilimhusu nyanya yangu na wenzake waliokuwa wakiuza omena kule Dunga. Bwana aliyeendesha warsha yetu, aliyejiita mlezi wa waandishi, alituambia mashindano yote huwa hivyo, hata ya ng'ambo. Tukamwamini, maana yeye alikuwa na vitabu na sisi tulikuwa na madaftari. Alitudanganya! Hadi leo nikikumbuka alivyopita ukumbini akitugawia kalamu, damu hunichemka.

Sikushinda. Hadithi ikachapishwa hata hivyo katika mkusanyiko wao, bila malipo, na nakala nikatakiwa kununua kama mtu mwingine yeyote. Hilo ningelimeza. Kilichoniumiza kilikuja baadaye, mchapishaji mmoja alipoitaka hadithi ile ile kwa kitabu cha shule. Aliuliza jambo moja tu: haki ni za nani? Nikawaendea waandalizi kuomba barua ya ruhusa, nao wakanitajia bei. Yaani niinunue hadithi ya mama mzaa mama kutoka kwa watu ambao hawakuwahi hata kumwamkia! Pesa hizo sikuwa nazo. Mchapishaji naye hakungoja, kitabu kikatoka na hadithi ya mtu mwingine. Na kwa kuwa yangu ilikuwa imeshachapishwa, hata Commonwealth Short Story Prize, shindano la hadithi fupi la nchi za Jumuiya ya Madola, singeweza kuipeleka, kwani wao hutaka kazi ambayo haijatoka popote.

Sasa sikiliza kwa nini wanakuharakisha. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika hadithi, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Sheria hiyo hiyo inasema huwezi kumhamishia mtu haki hizo ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Bila sahihi yako hawana kitu. Ni kweli hata ukitia sahihi utabaki na haki ya kutajwa kuwa mwandishi, lakini kutajwa tu hakukupi uwezo wa kuiuza hadithi wala kuiingiza katika kitabu chako mwenyewe.

Na yule bwana na "hata ya ng'ambo" yake, mpelekee masharti ya hiyo ya Commonwealth: kuingia ni bure, Kiswahili kinakubaliwa, maneno 2,000 hadi 5,000, umri kuanzia miaka 18. Hakimiliki hubaki kwa mwandishi, wao huchukua ruhusa ya kuchapisha hadithi zilizoshinda. Mshindi wa kanda hupewa pauni 2,500, mshindi wa jumla 5,000. Ikiwa wenye pesa hizo hawahitaji kukunyang'anya hadithi, huyu wa shilingi 1,000 anaihitajia nini, tena hata ya aliyeshindwa?

Najua kuna watakaokuambia chipukizi hana budi kukubali chochote ili ajulikane. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa hapa hapa Nakuru, alishinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2002 kwa kazi iliyokuwa imetoka katika jarida la mtandaoni. Milango iko mingi.

Kwa hiyo kabla hujagusa M-Pesa, wapigie leo. Waambie kipengele cha tisa kibadilishwe, kisomeke kwamba unawaruhusu kuichapisha mara moja tu, isirudiwe, na haki zote zinabaki kwako. Wakikubali, wakuletee fomu mpya, usikubali ahadi ya simu. Wakikataa, hiyo elfu moja nunulia unga, na hadithi uiweke hadi Commonwealth wafungue tena.