Najua Naota, Kisha Naamka Papo Hapo

SWALI: Wiki tatu sasa najifunza kuitambua ndoto ningali ndani yake. Kila nikipanda kitandani saa nne usiku najiambia, "Leo nitajua naota." Nimefaulu mara moja tu, nilifurahi mno, nikaamka. Usiku mwingine nilizinduka nisiweze kuinua hata kidole. Bibi asema ni jinamizi. Nakosea wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Kosa lako ni saa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kipindi cha ndoto kali hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Nia uliyoweka saa nne huwa imekwisha kusahaulika.

Ihamishie alfajiri. Adhana ya saa kumi na moja ikikuamsha, sali, uandike ndoto uliyotoka nayo, ukae macho dakika 20 hadi 30. Simu usiiguse. Kisha rudi kulala ukirudia, "Nikiota, nitakumbuka kwamba naota," huku ukijiona umo katika ndoto ile ile na umeitambua. Ukipitisha saa nzima, usingizi huenda usirudi.

Daftari litakuonyesha vituko vinavyojirudia ndotoni. Wa Lamu mna bahati, vichochoro vyenu ni vya punda, si vya magari: gari likipita kichochoro cha Mkomani, punda wakasogea kando, shuku! Bana pua, funga mdomo, vuta pumzi. Ikipita, unaota. Zoea kujipima hivyo mchana, lakini kwa shaka ya kweli; ukifanya kama mchezo, ndotoni pia utafanya kama mchezo na kujijibu kwamba uko macho.

Ukishajua, usishangilie. Sugua viganja, gusa ukuta, tazama kilicho karibu. Kuruka angani baadaye.

Kuhusu jinamizi: wakati wa ndoto mwili hulegezwa usiweze kusogea, macho yakabaki huru. Ndiyo maana mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, Alan Worsley aliweza kumpa mtafiti Keith Hearne ishara kwa macho, kushoto na kulia, akiwa usingizini. Akili ikiamka kabla mwili haujafunguliwa, ndiyo hali iliyokupata. Inatisha, lakini hupita. Usipambane, pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole cha mguu, na usilale chali. Ikikurudia mara kwa mara, acha mazoezi umwone daktari.

Usiku mmoja au miwili kwa wiki yatosha. Mwenye kushika usukani wa boti asubuhi angoje siku ya mapumziko.