Kuvuka Kipindi cha Boma

Wanaojenga nyumba kidogo kidogo kwa mshahara, kama tulivyojenga mimi na mke wangu huko Kibaha, kwa kawaida hawakati tamaa wakati wa kutafuta kiwanja wala wa kuchimba msingi, bali hukata tamaa boma, yaani kuta zisizo na paa, likishasimama. Kabla ya hapo kila mfuko wa saruji ulionekana kwa macho, kwa kuwa kozi za tofali hupanda kwa siku chache na majirani hupita wakitoa pongezi. Kuanzia kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) hadi kupaua, fedha humezwa na nondo, mbao za kenchi (fremu za kubeba paa), misumari na ujira wa mafundi, ilhali kwa anayepita barabarani nyumba ni ileile ya mwaka jana.

Kilichotusaidia zaidi ni kuacha kuhesabu umbali uliobaki hadi siku ya kuhamia, tukaigawa kazi katika hatua ambazo kila moja, ikikamilika, ingeweza kukaa miezi mingi bila kuharibika hata kama fedha zingekatika kabisa. Msingi uliojazwa kifusi na kumwagwa jamvi (zege la sakafu) unaweza kusubiri; nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, na ukuta usiofunikwa juu hunywa maji ya masika tangu Machi hadi Mei. Kwa sababu hiyo tulihakikisha kila kituo kinakamilika kabla ya mvua, maana kurudi kiwanjani na kukuta kazi uliyokwisha kuilipia imeharibika huvunja moyo kuliko ukosefu wa fedha wenyewe.

Miezi ambayo hakuna fundi kiwanjani ndiyo migumu zaidi, na hapo nashauri fedha igeuzwe kuwa vifaa kabla haijapata matumizi mengine. Vifaa hivyo vichaguliwe kwa uangalifu: nondo na bati hukaa vikihifadhiwa pakavu, mbao zinahitaji dawa ya mchwa, lakini saruji isinunuliwe mapema, kwa kuwa baada ya miezi mitatu hivi huanza kupoteza nguvu hata kama mfuko haujafunguliwa. Sisi tulinunua bati za geji 28, ambazo ni nene kuliko za geji 30, chache kila tulipoweza, na kule kuona rundo likiongezeka kulitupa subira ambayo maneno ya kutiana moyo hayakuweza kutupa. (Anayetaka bati za rangi asinunue kwa mafungu, kwani rangi ya toleo moja inaweza kutofautiana na ya jingine, na tofauti hiyo huonekana paani.)

Fundi naye alipwe kwa hatua, si kwa siku, ili yeye pia awe na hamu ya kuimaliza.

Kuhusu kuhamia kabla nyumba haijakamilika, maoni yangu ni kwamba kunafaa, ingawa wengi wakishahamia husahau kabisa sehemu iliyobaki. Tulihamia vyumba viwili na choo vilipokuwa na milango na madirisha, kwa makubaliano kwamba kodi tuliyokuwa tukimlipa mwenye nyumba itaendelea kutengwa kila mwezi, kwa kiwango kilekile, hadi plasta na sakafu za vyumba vingine zikamilike.