Kocha mpya, wafundishe watoto kusubiri

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha watoto wanaoogelea kwa mashindano, nilikuwa na binti wa miaka 11 ambaye mazoezini alikuwa hashikiki. Siku ya mashindano, dakika kumi hivi kabla ya mbio zake za mita 100 mtindo huru, nilimkuta amekaa nyuma ya jukwaa la kurukia, anavuta mkanda wa miwani, anauachia, anauvuta tena. Nilipomshika mkono, vidole vilikuwa baridi kabisa. Nikamwambia kile ambacho watu wazima wote husema: "Tulia, usiogope, hakuna cha kuogopa." Akaitikia kwa kichwa.

Akaruka vizuri, akaogelea mita 25 za kwanza kana kwamba mbio zinaishia hapo, na alipofika mita 75 mikono ilikuwa haimtii tena. Alipotoka majini alilia sana. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kocha, uliniambia nitulie, na hilo nalo nikashindwa."

Ninakuandikia wewe unayeanza kazi hii ili usimtwishe mtoto mzigo wa pili kama nilivyofanya mimi. Baadaye nilikaa nikajiuliza: binti huyu msimu mzima ameogelea kilomita na kilomita, amefanyia mazoezi kuruka, kugeuka ukutani na kugusa mwisho. Je, ni lini alifanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti, akiwa amevaa kofia na miwani, akisubiri kuitwa? Hata siku moja. Nami nimeona, msimu baada ya msimu, kwamba wasiwasi wa muogeleaji huishi humo humo kwenye kusubiri. Ishara ikishalia na mwili ukishagusa maji, wengi hupona wenyewe. Kazi yako kubwa iko kabla ya hapo.

Anza kwa kuwaeleza watoto kinachotokea mwilini, na uwaeleze siku ya mazoezi ya kawaida, wakiwa wamechangamka. Asubuhi ya mashindano masikio huwa yamefungwa. Waambie kwamba mwili ukihisi jambo kubwa linakuja humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, damu hupelekwa zaidi kwenye misuli mikubwa na kupungua kwenye tumbo na kwenye ngozi ya vidole. Ndiyo maana tumbo linasokota na mikono inapoa, na ndiyo maana wanataka kwenda msalani mara tatu ndani ya nusu saa. Huwa nawauliza mmoja mmoja: "Wasiwasi wako hukaa wapi?" Mmoja husema tumboni, mwingine magotini, na kuna kijana aliniambia unakaa kwenye meno. Majibu haya nayaandika kwenye daftari langu, kwa sababu siku ya mbio nitajua nimtazame wapi. Mtoto naye akishajua kwamba vidole baridi ni dalili ya mwili unaojiandaa, haviogopi tena vile vidole.

Neno "tulia" nimeliacha kabisa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio aliyowafanyia watu waliokuwa karibu kuimba au kuhutubia mbele ya wengine, au kufanya jaribio la hesabu. Walioambiwa wajisemee kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko walioambiwa wajisemee kwamba wametulia. Hawakuwa waogeleaji, lakini maelezo yake yananiingia akilini: mwili umeshawaka, na kutoka hapo kuuzima ni safari ndefu. Kutoka kwenye hofu hadi kwenye hamu ni hatua moja tu, maana moyo unadunda vilevile katika hali zote mbili. Siku hizi nasema, "Mwili wako umeshaamka. Uko tayari kufanya kazi." Sauti iwe ya kawaida, kama mtu anayesema maji ya bwawa leo ni ya uvuguvugu.

Sasa kuhusu mazoezi ya kusubiri yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha haya yote. Mara moja kwa wiki, kuanzia wiki sita kabla ya mashindano, panga viti kwa mstari, kiti kimoja kwa kila njia ya bwawa. Watoto wapashe misuli moto majini, watoke, wajikaushe, wavae nguo za joto, kisha wakae. Dakika kumi kamili. Hakuna simu, hakuna kuogelea, na wewe usiwachekeshe. Mara ya kwanza utaona dakika hizo zinavyowatesa: huyu anatikisa mguu, yule anageuka kumtazama jirani yake, mwingine anafunga na kufungua zipu. Waache. Baada ya hapo piga firimbi fupi fupi mfululizo, wavue nguo za juu. Piga firimbi ndefu, wapande jukwaani. Kwa mtindo wa mgongo, firimbi ndefu ya kwanza ni ya kuingia majini na ya pili ni ya kurudi ukutani kujipanga. Watoto wengi wageni huchanganyikiwa hapa, na hakuna kinachoongeza kiwewe kama kutojua firimbi hii ni ya nini. Kisha amri ya kujipanga, kimya, ishara.

Siku nyingine cheleweshe ishara. Siku nyingine waamuru washuke wakiwa wameshainama, kama mwamuzi anavyoweza kufanya kweli. Kanuni za sasa zinamwengua muogeleaji anayeanza kabla ya ishara, hapewi nafasi ya pili, na hofu ya hilo huwafanya wengine wagande jukwaani mpaka wenzao wako majini. Anayezoea ukimya ule mazoezini haushtukii siku yenyewe.

Hapo ndipo huwasimulia habari ya Ian Thorpe. Mwaka 2004, kwenye mbio za kuchagua timu ya Olimpiki ya Australia, akiwa ndiye anayeshikilia rekodi ya dunia ya mita 400 mtindo huru, alipoteza mizani jukwaani akaangukia majini kabla ya ishara. Akaenguliwa. Mwenzake Craig Stevens, aliyekuwa amefuzu, aliachia nafasi yake katika mbio hizo, Thorpe akaenda Olimpiki ya Athens na kushinda dhahabu. Siwaambii ili waone kwamba mambo yote hurekebishika, maana wao hawatapata Craig Stevens kila mara. Nawaambia ili wajue kwamba jambo wanaloliogopa kuliko yote limewahi kumpata bingwa mwenyewe, tena mbele ya nchi nzima, na kesho yake alikuwa bado ni muogeleaji.

Balaa ndogo ndogo nazo zifanyiwe mazoezi. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, miwani ya Michael Phelps ilijaa maji katika fainali ya mita 200 kipepeo. Alikuwa haoni ukuta, akaogelea kwa kuhesabu mikono, yaani kila mpigo wa mikono majini, akagusa kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi mpya ya dunia. Aliweza kwa sababu idadi ya mikono yake aliijua tangu zamani. Basi wafundishe wako kuhesabu. Wa mgongo ahesabu mikono kuanzia kwenye bendera zinazotundikwa juu ya bwawa, ambazo ziko mita 5 kutoka ukutani, mpaka anapogusa. Namba hiyo aijue kama anavyojua umri wake. Kwa anayekubali, bila kumlazimisha, mpe mita 50 na miwani yenye maji kidogo ndani, njia ikiwa tupu na wewe ukitembea pembeni yake. Mtoto aliyewahi kupita hapo mara moja huacha kuvutavuta mkanda.

Kuhusu pumzi nina jambo moja la kufundisha na moja la kukataza. La kufundisha: kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara tano, ukiwa umekaa. Kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya moyo, na ni kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya bila yeyote kujua. La kukataza: usimruhusu mtoto kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuruka, hata kama ameona wakubwa wakifanya. Kuhema kwa namna hiyo huondoa kaboni dioksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayotuambia tunahitaji hewa. Mtoto anaweza kupoteza fahamu chini ya maji bila kuhisi haja ya kupumua. Hapa sina mjadala na kocha yeyote.

Usingizi na chakula nitavipitia haraka. Ale alichozoea, saa mbili au tatu kabla ya mbio, na siku ya mbio isiwe siku ya kujaribu kitu kipya, si chakula, si miwani, si vazi. Usiku mmoja wa kulala vibaya hauharibu mbio. Mwambie hivyo mapema, maana wengi hukosa usingizi kwa kuogopa kukosa usingizi. Baada ya kupasha misuli moto asikae na nguo mbichi. Mtoto anayetetemeka kwa baridi hudhani anatetemeka kwa hofu, na baada ya muda anaogopa kweli.

Kwenye kile kiti, akili inahitaji kitu cha kushika. Mpe kitu kimoja, nacho kiwe cha mwili: mateke matano chini ya maji baada ya kuruka, au asigeuze kichwa kuvuta hewa mara tu anapotoka ukutani. Usimpe muda wa kufikia. Muda hauko mikononi mwake akiwa amekaa, na medali vilevile, kwa kuwa hajui jirani yake ataogelea vipi. Makocha wapya hupenda kutoa maelekezo saba dakika ya mwisho, na mimi nilikuwa hivyo. Sikuwa namsaidia mtoto. Nilikuwa napunguza tumbo joto langu mwenyewe. Watoto husoma uso wako kabla hawajasikia neno lako. Ukiona unabofya saa ya kupimia muda bila sababu, nenda katembee kidogo kwanza.

Na wazazi, kaa nao kabla msimu haujaanza. Waombe jambo moja: mtoto akitoka majini, yeye ndiye aanze kuzungumza. Wasimpokee kwa muda alioandika wala kwa video. Wewe pia mpe dakika kumi za kuogelea taratibu kwanza. Na kama mtoto anatapika kila mashindano, halali siku kadhaa kabla, au ameanza kuumwa kila siku ya mazoezi, usijifanye daktari. Zungumza na wazazi wake, atafutiwe mtaalamu, na apumzishwe mashindano bila kuitwa mwoga.

Yule binti alikaa kwenye viti vyangu kwa wiki sita. Kitu chake kimoja kilikuwa mikono mirefu kwenye mita 25 za kwanza. Siku ya mashindano nilipompitia, mkanda wa miwani ulikuwa umelala kichwani, haujaguswa. Akanionyesha mikono yake miwili. "Kocha, vidole vimeshapoa," akasema, kisha akaingiza mikono kwenye mifuko ya jaketi akaendelea kuhesabu pumzi zake.