Hesabu alizijua, kuomba ruhusa ya kwenda msalani hakujua

Jumatatu ya kwanza mwanangu aliingia nyumbani mbio, akaliacha begi mlangoni, akanyoosha moja kwa moja msalani. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano nikamwuliza, "Baba, kwani huko shule hakuna choo?" Akasema vipo, ila hajui mtu anaombaje ruhusa ya kutoka darasani, na anaona aibu kuuliza kwa sababu wenzake wote wanajua. Ana miaka 15, anapiga kalkulasi peke yake mezani jikoni, na alikuwa anajibana tangu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Nilimfundisha nyumbani miaka sita, hapa Houston, kabla ya kumwandikisha darasa la 10 katika shule ya serikali. Likizo yote nilihangaikia masomo. Mimi nimekulia Tanga, darasani tulikuwa zaidi ya 70, na mambo ya kuomba ruhusa, kupanga foleni, kusubiri zamu, niliyaokota tu bila kufundishwa. Ndiyo maana hata sikukumbuka kwamba yeye hajayaokota popote.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994, elimu ya nyumbani katika jimbo hili inahesabiwa kama shule binafsi. Jimbo halimsajili mtoto wala halimpi cheti, kwa hiyo shule ya serikali inampokea bila rekodi yoyote, na yenyewe ndiyo inaamua atambuliwe krediti zipi, yaani masomo yapi yahesabiwe kuwa amekwisha kuyamaliza, kwa kukagua kazi zake au kwa mtihani. Mtoto aliyekwisha kufundishwa somo anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa krediti, na akipata 70 linahesabiwa. Mwone mshauri wa wanafunzi kabla shule hazijafunguliwa, ukiwa na madaftari yake mkononi. Mimi nilichelewa, na mwanangu akakalishwa kwenye aljebra aliyoimaliza akiwa na miaka 12.

Mwezi haujaisha, nikaona sifuri tano kwenye programu ya alama. Majaribio ana 98, ana 100. Kazi za nyumbani, sifuri. Nilipombana akaniambia alizisoma, akaona anazijua, akaziacha. Na sikuweza kumlaumu, maana ndivyo nilivyomlea: kwetu ukielewa jambo tunasonga mbele. Lakini mimi nilikuwa na mwanafunzi mmoja, nikimtazama usoni najua kaelewa. Mwalimu wake anapokea zaidi ya mia kwa siku. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kugombana kama ni haki au si haki, na tukakubaliana kwamba kila jioni begi linamwagwa mezani na kila karatasi ijulikane inakwenda kwa nani, lini.

Kuomba nako tulikufanyia mazoezi. Mimi mwalimu, yeye mwanafunzi, jikoni, sufuria ya maharage iko motoni. Sentensi iliyomshinda zaidi ilikuwa "Samahani, hapo sijaelewa." Mtoto aliyezoea kuambiwa ana akili hulimeza neno hilo hata pale anapolihitaji kabisa. Nikaanza kumwachia shughuli ndogo ndogo: apige simu mwenyewe kwa kinyozi, amwulize muuza duka bidhaa iko wapi. Akimwona mwalimu kakosea ubaoni, nilimwambia asubiri kengele ilie, amfuate kwa adabu. Sikumwambia afiche anachokijua, na naomba wewe pia usimwambie wako hivyo.

Jambo lililonigharimu zaidi lilikuwa kuacha kuwa mwalimu wake. Kila akirudi nilimwuliza wamefundishwa nini, na nikisikia somo jepesi uso wangu unabadilika. Akawa hasemi kitu. Mtoto aliyezoea nyumba yenye utulivu ametoka kukaa siku nzima na vijana zaidi ya 2,000. Anataka chai na saa moja ya kimya. Nilipompa hiyo saa, habari zikaanza kuja zenyewe, usiku, tukiosha vyombo. Usimkumbushe pia kwamba mlango wa kurudi nyumbani uko wazi kila anapolalamika, maana hatakaa atue. Ila akiacha kula au kulala, hilo ni jambo jingine, nenda shuleni siku hiyo hiyo.

Marafiki hakuwapata darasani. Aliwapata kwenye timu ya mbio za nyika, na mbio zenyewe zinamshinda, karibu kila mara anafika na wale wa mwisho. Wenzake wanamsubiri mwisho wa njia wakimshangilia. Kwa mtoto ambaye tangu udogo anasifiwa kwa kuwa wa kwanza, sijui ni kitabu gani cha nyumbani ningempa kimfundishe hilo.

Juzi alirudi kutoka mazoezini magharibi imeingia. Akasema, "Shikamoo mama," akavua viatu taratibu, akafungua begi bila kuambiwa, akaanza kupanga karatasi zake mezani moja moja.